Jaisalmer, Mji wa Jangwani: Jina Lake, Desturi Zake za Maji, na Adabu ya Mgeni

Mji wa Jaisalmer uko katika Bara Hindi, upande wa magharibi kabisa wa nchi iitwayo Rajasthan, karibu na mpaka wa Pakistan. Kutoka mji wa Jodhpur mpaka huko ni mwendo wa kilometa 280 hivi, na njia yote hupita katika jangwa liitwalo Thar. Mvua ya huko haizidi milimita 200 hivi kwa mwaka, tena miaka mingine haifiki hata nusu yake. Wakati wa kiangazi joto hupanda kupita digrii 45, na usiku wa Januari baridi huwa kali hata watu huota moto. Katika nchi ya namna hiyo watu wamejenga mji wa mawe yaliyochongwa kwa ufundi mwingi, nao wamekaa ndani yake kwa zaidi ya miaka 800. Wageni wengi huenda kuutazama, lakini wengi wao huona mawe tu, wasiyafahamu mambo yaliyoyasimamisha. Basi katika makala hii nataka kueleza maana ya majina ya mji huo, na desturi za watu wake katika kuyatunza maji, na hatari iliyoupata siku hizi, ili kila atakayekwenda huko ajue anachokitazama na jinsi impasavyo kutembea humo.

1. Jina la mji na asili yake

Jina Jaisalmer lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni Jaisal, jina la mfalme aliyeuweka mji mwaka 1156. Sehemu ya pili, mer, imetoka katika neno Meru, ambalo katika lugha ya kale ya Wahindi ni jina la mlima mtakatifu ulio kitovu cha dunia. Kwa hiyo jina zima maana yake ni Mlima wa Jaisal. Msomaji wa Arusha asidhani kwamba mlima wake na mlima huo wa Wahindi ni ndugu. Majina hayo yamekutana kwa sauti tu, na kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu.

Jaisal alikuwa wa ukoo wa Bhati, katika kabila la Rajput. Kabla yake wakuu wa ukoo huo walikaa Lodhruva, mahali palipo kilometa 15 hivi kutoka mji wa sasa, lakini mji ule ulikuwa katika nchi tambarare na adui waliuvamia kwa urahisi. Jaisal akatafuta mahali penye nguvu zaidi, akachagua kilima chenye vilele vitatu kiitwacho Trikuta. Wenyeji husimulia kwamba mcha Mungu mmoja aliyekaa kilimani alimwonyesha kisima ambacho mungu Krishna alikipasua katika mwamba zamani za kale kwa silaha yake ya duara, kwa sababu mwenziwe Arjun alikuwa na kiu. Kisima hicho huitwa Jaisalu mpaka leo. Hadithi hiyo si tarikh, lakini yafaa kuishika, maana inaonyesha neno moja la kweli: katika nchi hiyo mji hauanzi na ukuta wala kiti cha enzi. Huanza na maji.

Yako mambo mengine katika majina ambayo msemaji wa Kiswahili atayapokea kwa furaha. Jumba la wafalme lililo ndani ya ngome huitwa Raj Mahal. Neno hilo mahal na neno letu mahali asili yao ni moja, yaani Kiarabu. Ila sisi tumeliacha kuwa pahala po pote, na Wahindi wamelipandisha cheo hata likawa jumba la kifalme. Kadhalika neno letu roshani lilitoka Kiajemi, nasi twalitumia kwa kibaraza cha ghorofani kinachotokeza nje ya ukuta. Wahindi nao wana roshni, lakini kwao ni mwanga. Mtu akitembea sokoni atasikia dukan, hisab, kitab, waqt, dunia, naye atafahamu bila kufundishwa. Wala hii si kwa sababu Kiswahili ni mtoto wa lugha za Kihindi, au zile ni watoto wa Kiswahili. Lugha zote zilinunua katika duka moja, yaani kwa Waarabu na Waajemi, na kila mnunuzi akachukua bidhaa nyumbani akaishona kwa mtindo wake.

2. Ngome, na njia ya misafara

Ngome ya Jaisalmer imejengwa juu ya kilima kile, nayo imeinuka meta 76 hivi juu ya nchi iliyo chini yake. Ina buruji 99, nyingi zake zimejengwa katika karne ya 17. Mawe yake ni ya mchanga wa rangi ya manjano, na jua linapotua hung’aa kama dhahabu. Kwa hiyo huitwa Sonar Qila, yaani Ngome ya Dhahabu, maana sona kwao ni dhahabu. Mtengeneza sinema maarufu wa Bengal, Satyajit Ray, aliitumia katika sinema yake ya mwaka 1974 yenye jina hilo, na tangu hapo watu wa Bengal huenda kwa wingi kuitazama.

Apandaye ngomeni hupita milango minne, mmoja baada ya mwingine, na njia hupindapinda kati ya kuta ndefu, ili ndovu na farasi wa adui wasipate nafasi ya kukimbia. Mlango huitwa pol katika lugha yao. Ndani ya ngome mna jumba la wafalme, mahekalu ya Wahindu na ya watu wa dini ya Jain, maduka, na nyumba za raia. Wakaao ndani yake ni elfu kadhaa. Jambo hili ni la kuangaliwa sana, kwa kuwa ngome nyingi za Bara Hindi zimekuwa magofu au nyumba za ukumbusho, lakini hii bado watu huzaliwa na kufa ndani yake.

Wenyeji husema ngome yao ilipatwa na saka mbili na nusu. Saka ni siku ile ambayo wanaume walioona hawana tumaini tena walivaa nguo za rangi ya zafarani, wakafungua milango, wakatoka kupigana hata kufa. Na kabla ya hapo wanawake walijitupa motoni wasije wakatekwa. Saka ya kwanza huhesabiwa kuwa mwishoni mwa karne ya 13, ngome ilipozingirwa na majeshi ya Sultani wa Delhi. Ile ya tatu, ya karne ya 16, huitwa nusu kwa sababu hapakuwa na wakati wa kuwasha moto, na wanawake wakafa kwa panga za watu wao wenyewe. Kisha msaada ukafika, ngome isitekwe. Msomaji hatakosa kuona uchungu uliomo katika hesabu hiyo ya nusu. Kwa watu wa Jaisalmer si jambo la kujivunia tu, bali ni deni la wafu juu ya walio hai.

Ukiuliza mji uliokosa shamba na mto ulipataje mali, jibu ni ngamia. Misafara iliyotoka bandari na miji ya Bara Hindi kwenda Sindh, Multan, Afganistani na Uajemi ilipita hapo, ikichukua hariri, viungo, nili, kasumba, na matunda makavu. Wafalme walitoza ushuru, na wafanya biashara wakatajirika. Matajiri hao walijijengea nyumba ziitwazo haveli. Nyumba iliyo kubwa kupita zote ni ile ya ukoo wa Patwa: ni nyumba tano zilizoshikamana, zilizoanza kujengwa mwaka 1805 kwa ajili ya wana watano wa baba mmoja. Nyumba nyingine, ya waziri Nathmal, ilikwisha mwaka 1885. Waliichonga ndugu wawili, mmoja upande wa kuume na mwingine upande wa kushoto. Na ukitazama vizuri utaona pande hizo mbili zinapatana lakini hazifanani. Madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama wavu huitwa jali. Upepo hupita humo ukapoa, na wanawake waliokaa ndani waliweza kutazama njiani wasionekane. Mtu wa Lamu au wa Unguja, aliyezoea milango ya nakshi na vyumba vya ndani, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Na pana uzi mwembamba unaouunganisha mji huo na pwani yetu. Wabhatia wa Kutch, ambao watu wa pwani waliwaita Mabanyani pamoja na wenzao, husema kwamba asili ya ukoo wao ni hao Bhati wa Jaisalmer. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia, ilishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi. Hivyo watu ambao kwa masimulizi yao walitoka katika mji wa ushuru wa ngamia, wajukuu zao walikuja kupokea ushuru wa majahazi.

Biashara ya misafara ilikufa kwa sababu mbili. Kwanza, meli na reli ziliipeleka mali bandarini Bombay, ambayo leo huitwa Mumbai. Pili, mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na mpaka wa Pakistan ukaifunga njia ya magharibi kabisa. Vita vya mwaka 1965 na 1971 ndivyo vilivyoleta barabara na askari. Baadaye wakaja watalii, nao ndio msafara wa siku hizi.

3. Namna tatu za maji

Lugha hutaja sana kile ambacho watu hukiangalia sana. Wafugaji wa ng’ombe wana majina mengi ya rangi za ng’ombe, na mabaharia wana majina mengi ya pepo. Watu wa jangwa la Thar wana majina ya maji. Maji kwao ni pani, lakini hawaridhiki kusema pani tu. Palar pani ni maji ya mvua yaliyo juu ya ardhi, katika ziwa au birika au shamba. Patal pani ni maji ya chini sana, yale ya kisima kirefu, maana patal ni nchi ya kuzimu; na mara nyingi yana chumvi. Kati ya hayo mawili yako rejani pani, yaani unyevu ulioshuka mchangani lakini haukufika chini, kwa sababu mahali pengine chini ya mchanga pana tabaka ya jasi isiyopitisha maji. Unyevu huo hauonekani, wala hautiririki. Watu huchimba kishimo chembamba mpaka karibu na tabaka hiyo, na matone hujikusanya humo polepole hata yakajaza ndoo. Mdomo wa kishimo hufanywa mwembamba na kufunikwa, jua lisije likayanyonya.

Kazi ya kustaajabisha zaidi ni ile iitwayo khadin. Katika nchi hiyo pana miamba mitupu inayoinama. Mvua ikinyesha, hata ikiwa mara mbili tatu tu kwa mwaka, maji hayanywewi na mwamba, hukimbia bondeni. Basi wakulima hujenga tuta refu la udongo upande wa chini, maji yakasimama shambani kama ziwa. Yakizidi hutoka kwa njia iliyoachwa tutani, na mahali pengine huchimbwa kisima nyuma ya tuta ili kuyapata yanayochuja. Baada ya miezi michache maji yamenywewa na ardhi, ikaachwa na unyevu wa kutosha. Ndipo hupandwa ngano na dengu, zikastawi wakati wa baridi bila tone jingine la mvua. Waliosifiwa kwa kazi hii ni Wapaliwal, Mabrahmani waliohamia huko zamani. Vijiji vyao viliachwa katika karne ya 19, na kijiji cha Kuldhara, karibu na mji, ni magofu mpaka leo. Masimulizi husema kwamba waliondoka wote usiku mmoja kwa sababu ya jeuri ya waziri Salim Singh, wakaacha laana. Wataalamu wengine hutaja kodi nzito na visima vilivyokauka, na wengine tetemeko la nchi. Lakini mashamba yao ya khadin hayakufa, na mengine yalimwayo hata sasa.

Mji wenyewe ulikunywa maji ya ziwa la Gadsisar, lililochimbwa katika karne ya 14 wakati wa mfalme Gadsi. Sar ni ziwa. Wanawake walipanda kilima na mitungi kichwani kila siku. Apandaye na mtungi hamwagi maji ovyo. Vyombo vilisuguliwa kwa mchanga, na maji yaliyotumika kwa kazi moja yalitumika tena kwa nyingine. Kwetu husemwa kwamba akiba haiozi. Huko akiba ndiyo iliyokuwa uhai wenyewe.

4. Wanaotunza kumbukumbu

Mambo mawili zaidi mgeni asiyakose. La kwanza ni maktaba ya watu wa dini ya Jain, iliyo chini ya mahekalu yao ndani ya ngome. Iliwekwa katika karne ya 15 na mwalimu wao Jinabhadra Suri, nayo ina maandiko ya kale sana yaliyoandikwa juu ya majani ya mitende, mengine yakiwa na umri wa karibu miaka elfu. Katika nchi nyingi za Bara Hindi majani kama hayo yameliwa na ukungu na wadudu. Huko ukavu wa hewa umesaidia kuyalinda. Ukame uliowanyima watu chakula ndio uliowahifadhia vitabu.

La pili ni waimbaji waitwao Manganiyar. Jina lao limetokana na neno la kuomba, kwa kuwa hupewa riziki na wale wanaowaimbia. Wao ni Waislamu, na walezi wao wengi ni Warajput walio Wahindu. Katika harusi na kuzaliwa kwa mtoto Manganiyar huja na kamaicha, kinanda cha nyuzi chenye tumbo la duara lililowambwa ngozi ya mbuzi, na khartal, vipande vya mbao vinavyogonganishwa vidoleni, akaimba sifa za mlezi na nasaba ya mababu zake. Hivyo kumbukumbu ya nyumba ya Mhindu imewekwa kifuani mwa Mwislamu, baba akimrithisha mwana. Desturi hii imeishi vizazi vingi, hata katika miaka ambayo watu wa dini hizo mbili waligombana vibaya mahali pengine.

5. Hatari iliyoingia kwa bomba

Sasa nakuja kwenye neno lililo zito kupita yote. Ngome iliyoshindana na masultani na kiu inabomolewa na maji. Tangu nusu ya pili ya karne ya 20 maji yameletwa mjini kwa mabomba, na Mfereji wa Indira Gandhi, ulioanza kuchimbwa mwaka 1958, umeleta jangwani maji ya mito ya Punjab. Mama aliyepanda kilima na mtungi sasa afungua bomba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumnung’unikia. Lakini mji wa juu ulijengwa kwa watu wa mitungi. Mifereji yake ya maji machafu ilikuwa wazi na myembamba, mapaa yake ni ya miti na udongo, na kilima chenyewe ni mawe laini yenye tabaka za udongo wa mfinyanzi. Nyumba nyingi zilipogeuzwa kuwa hoteli, kila chumba na choo na bafu yake, maji yalizidi mara nyingi kipimo cha zamani. Yale yanayovuja hushuka chini, udongo ukalainika na kuteleza, na mawe yaliyo juu yake hukosa msingi. Tangu miaka ya 1990 buruji na kuta kadhaa zimeanguka. Shirika la World Monuments Fund liliiandika ngome katika orodha yake ya majengo yaliyo hatarini mwaka 1996, 1998 na 2000, na kazi za kuitengeneza zikafanywa. Mwaka 2013 UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan. Hata hivyo heshima haizibi bomba.

Wengine husema dawa ni kuwahamisha watu wote. Wenyeji hukataa, nao wana sababu. Nyumba hizo ni za mababu zao, na riziki yao hutoka kwa wageni. Tena ngome isiyo na watu ingekuwa kama magofu mengine, na jambo hasa linaloifanya iwe ya peke yake lingekwisha. Wengine husema wabaki vivi hivi, lakini hao hawakuutazama ukuta. Naona njia iliyo sawa ni ya kati: wenyeji wakae, mifereji itengenezwe na kuangaliwa siku zote, na hoteli ziwe chini ya kilima.

6. Adabu ya mgeni

Kwa hiyo atakayekwenda huko na ashike mambo haya. Aende kati ya Novemba na Februari. Alale katika mji wa chini, na mchana apande ngomeni kutembea, kula na kununua, ili wakaao juu wapate faida bila kubebeshwa maji yake ya kuoga. Akikutana na watu aseme khamma ghani, ndiyo salamu yao, naye ataitikiwa kwa furaha. Katika hekalu avue viatu, na katika yale ya Jain asiingie na kitu cho chote cha ngozi. Asimpige mtu picha kabla ya kuomba ruhusa. Akikaribishwa chakula ale kwa mkono wa kuume, wala asidharau mkate wa uwele na maharage ya porini yaitwayo sangri. Hivyo ndivyo vyakula vilivyowavusha watu katika miaka ya njaa.

Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Jaisalmer mithali hiyo yataka kuangaliwa kwa makini, kwa maana mgeni anaweza kumponya mwenyeji kwa fedha zake, na papo hapo akaubomoa msingi wa nyumba yake kwa ndoo za maji. Aliyefahamu namna tatu za maji, na jinsi wenyeji walivyozihesabu tone kwa tone, atajua la kufanya akisimama mbele ya bomba.